Karatasi Iliyovuka Mpaka Isifie Ukutani

Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, West Nile ya Uganda, kuna karatasi moja ambayo ukoo mzima unajua ipo. Pengine ni hati ya kumaliza utumishi jeshini ya babu aliyetumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pengine ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe, bibi harusi amekaa, bwana amesimama na mkono begani. Huku ni noti ya mwaka 1973 yenye sura ya Rais Idi Amin, kule ni bahasha yenye stempu ya Malkia Elizabeth na muhuri wa posta wa Arua, kwingine ni kadi ya ukimbizi iliyotolewa ng'ambo ya mpaka.

Karatasi hizo si nyingi, na sababu inajulikana. Amin alipinduliwa Aprili 1979. Oktoba 1980 vita vikaingia West Nile, kwao Amin, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Zaire na Sudan, ambako wengi walikaa miaka. Hati iliyoonyesha kwamba mtu aliwahi kuwa askari haikuwa kitu cha kukutwa nacho. Zilizobaki zilibaki kwa kufichwa: chini ya nguo katika sanduku la bati, ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya kurasa za Msahafu au Biblia. Ziliishi gizani, zimelala, hazishikwishikwi. Sasa nyumba ina lipu na sakafu ya vigae, na kijana mmoja ametoa wazo kwamba hati ya babu itundikwe sebuleni wageni waione. Wazo ni zuri. Ila miaka mitano ya ukuta usiofaa huweza kuidhuru karatasi kuliko miaka arobaini ya sanduku.

Kabla ya kushika nyundo, shika kanuni hii: usiifanyie karatasi jambo ambalo kesho huwezi kulitengua. Gundi haitenguki. Selotepu haitenguki. Kukata pembeni ili itoshe kwenye fremu hakutenguki. Laminesheni ndiyo kabisa. Karibu yote yanayofuata yametoka katika kanuni hiyo.

Tundika nakala ukiweza

Ushauri wa kwanza utawaudhi baadhi ya wasomaji: mara nyingi kinachofaa kupanda ukutani ni nakala, na asili irudi sandukuni. Mgeni aliyeketi kwenye kochi anatazama sura ya babu, hatazami umri wa karatasi. Majumba makubwa ya makumbusho hufanya hivyo hivyo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilifanya maonyesho ya picha za wakati wa Amin, zilizotoka katika hazina ya makumi ya maelfu ya negativu za shirika la utangazaji la taifa, UBC. Zilizotundikwa zilikuwa picha mpya zilizochapwa kutoka negativu hizo. Negativu zenyewe hazikupanda ukutani, na watazamaji hawakupungukiwa na kitu.

Zipo karatasi ambazo asili yake haifai kutundikwa kwa hali yoyote. Ya kwanza ni mkataba wa kununua kiwanja. Ardhi nyingi ya West Nile ni ya mila, haina hati rasmi ya serikali, na ushahidi wa familia huwa ni ukurasa ulioandikwa kwa mkono, wenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Ukurasa huo sebuleni unaalika mwizi, unaalika maji ya paa linalovuja, unaalika na jirani anayependa kusoma vipimo vya mpaka. Cheti cha shule na cheti cha kuzaliwa vivyo hivyo: siku ofisi itakapodai kuona asili, hutataka kuanza kubomoa fremu.

Nakala nzuri hutengenezwa kwa skana ya kulaza, ile yenye kioo na kifuniko. Duka la steshenari likiwa na mashine inayomeza karatasi juu na kuitema upande wa pili, usiikubali. Karatasi ya mwaka 1945 iliyokunjwa mara nne inaweza kutoka vipande vinne. Omba nukta 600 kwa inchi, simama hapo hapo, iweke mwenyewe na uitoe mwenyewe. Kama skana haipo, simu inatosha. Toa meza nje, kwenye kivuli cha nyumba, wakati wa asubuhi. Laza karatasi, inamisha simu iwe sambamba nayo, zima mweko, piga mara kadhaa. Kisha tuma picha kwa ndugu walio Kampala, Juba au popote. Nakala iliyo katika nyumba moja tu ni nusu nakala.

Kwa noti, hata zile zilizokwisha kufutwa, chapa upande mmoja tu na kwa ukubwa unaozidi wa asili kwa mbali, ili pasiwe na mtu wa kudhani unatengeneza pesa.

Mwanga

Hata hivyo, wapo watakaotaka asili ionekane, na hawakosei kila mara. Noti ina mng'ao wake ambao nakala haitoi, na picha ya zamani iliyosafishwa kwa mkono ina weusi ambao printa ya dukani haiufikii. Basi tuseme asili inapanda ukutani. Jambo la kwanza si fremu. Ni ukuta upi.

Mwanga huharibu karatasi na wino, na uharibifu wake hujumlishwa: jua la leo huongezwa juu ya la jana. Ukiiondoa karatasi kwenye mwanga, uharibifu husimama, lakini wino uliokwenda haurudi. Mfano unaojulikana sana ni Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776. Kuanzia 1841 hadi 1876 lilitundikwa katika jengo la Ofisi ya Hataza mjini Washington, likitazamana na dirisha. Leo linalindwa kwa mitambo ya kila aina, ila maandishi yamefifia sana na sahihi nyingi hazisomeki. Dirisha hilo, kwa miaka 35, lina sehemu kubwa ya lawama.

Wino hautofautiani kwa rangi tu. Wino wa matbaa na ule mweusi wa tepe ya taipureta huvumilia. Wino wa kalamu ya bluu hupauka, na wa muhuri wa zambarau hupauka upesi zaidi, tena ukiguswa na maji hukimbia. Tazama hasara ilivyo: hati ya jeshi au ya serikali inathaminiwa kwa sahihi na muhuri, na hivyo ndivyo vinavyotoweka kwanza. Stempu za kwanza kabisa za Uganda, za mwaka 1895, zilipigwa kwa taipureta na Ernest Millar, mmisionari wa Church Missionary Society, na bei yake iliandikwa kwa kauri. Zilizofuata zilitoka na wino wa zambarau. Mkusanyaji mwenye akili hazitundiki. (Na kwa kuwa taipureta ni rahisi kuiga, bandia zimejaa duniani. Ukionyeshwa moja sokoni, acha pochi yako mfukoni.)

Arua iko nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta. Jua la Juni hupita upande wa kaskazini wa paa, la Desemba upande wa kusini, lakini mwaka mzima asubuhi na jioni huingia kwa mshazari kupitia madirisha ya mashariki na magharibi hadi ndani kabisa. Kwa hiyo ukuta unaotazamana na madirisha hayo haufai. Tafuta ukuta wa katikati ya nyumba, unaotenga chumba na chumba, au korido. Shinda nyumbani Jumamosi moja, uangalie miale inaangukia wapi saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi na moja jioni. Rudia msimu ukibadilika, maana ukuta uliokuwa salama mwezi wa tatu huenda ukapigwa jua mwezi wa kumi na mbili.

Kioo cha kawaida kinazuia sehemu tu ya mionzi ya urujuanimno. Ipo akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya kuizuia, na ukiwa na ndugu anayeweza kukuletea kipande, mwambie alete. Lakini usilewe na jina: akriliki hiyo haizuii mwanga unaoonekana, nao pia hupausha. Majumba ya makumbusho huweka karatasi kwenye mwanga hafifu wa takriban laksi 50, kwa miezi michache, kisha huipumzisha. Nyumbani ipumzishe kwa njia yako. Itoe kwa Idi, kwa Krismasi, kwa harusi au matanga, kisha irudishe. Au ifunike: kile kitambaa cha kudarizi kinachofunika redio na televisheni kinaweza kufunika fremu, na mgeni akija kinainuliwa.

Ndani ya fremu

Kosa linaloonekana katika sebule nyingi ni picha kugusa kioo. Fundi anaweka kioo, anaweka picha, anaweka hadibodi, anapiga misumari, basi. Usiku wa mvua kioo hupoa, unyevu hujikusanya upande wa ndani, na ile tabaka ya jelatini iliyo juu ya picha hulainika na kuganda kwenye kioo. Baada ya mvua za misimu michache, picha na kioo huwa kitu kimoja.

Kama yamekwisha kukufika, usivute. Usiingize kisu, usitie mvuke, usiloweke. Toa hadibodi nyuma, acha picha na kioo chake pamoja, safisha upande wa nje wa kioo, kisha iskani au ipige picha kupitia kioo hicho hicho. Halafu kihifadhi kioo na picha yake kikiwa kimelala, kimefungwa kwa kitambaa. Mtaalamu mwenye vifaa anaweza kujaribu kuitenganisha. Wewe na mimi hatuwezi.

Kuzuia ni rahisi. Kati ya kioo na karatasi pawe na nafasi, angalau milimita moja na nusu hadi mbili. Njia ya kawaida ni kadi nene iliyokatwa dirisha katikati: kadi inagusa kioo, karatasi inakaa nyuma ya kadi. Ukitaka kingo zote za karatasi zionekane, weka vibanzi vyembamba kuzunguka pembeni, vifichwe na mdomo wa fremu.

Kadi ipi? Si ya boksi la sabuni, si manila ya kahawia, na gazeti kuukuu ndilo baya kuliko zote. Karatasi za namna hiyo zina lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, ambacho hakikuondolewa wakati wa kutengeneza, nayo hutoa asidi inayohamia kwenye kilicho jirani yake. Ukifungua fremu ya zamani ukakuta mstari wa kahawia unaozunguka picha palepale dirisha la kadi lilipokuwa, umeiona asidi kazini. Maduka ya wasanii Kampala huweza kukupatia kadi isiyo na asidi au karatasi nzito ya pamba ya kuchorea rangi za maji. Vikikosekana, weka karatasi nyeupe nzuri za ofisini, tatu au nne, ziwe kizuizi kati ya asili na kadi ya kawaida, pande zote mbili. Karatasi nyingi za ofisini za siku hizi zimetiwa chokaa ndani yake na hazina asidi. Si dawa ya milele, ila inafaa, mradi uzibadilishe kila miaka miwili.

Sasa karatasi itashikwa na nini, ikiwa gundi ni haramu? Kwa pembe. Kata vipande vinne vya karatasi hiyo nzuri ya ofisini, upana sentimita mbili, urefu sentimita sita. Shika kimoja, kunja ncha yake ya kulia ishuke chini kuanzia katikati, kunja na ya kushoto vivyo hivyo, utapata pembetatu yenye mfuko nyuma. Ingiza pembe ya hati ndani ya mfuko huo, kisha bandika mgongo wa mfuko kwenye kadi ya nyuma kwa kipande cha selotepu au gundi kidogo. Fanya hivyo pembe zote nne na uache ulegevu kidogo, kwani karatasi hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Gundi imegusa mfuko na kadi tu, asili haikuguswa. Siku ya kuitoa unaichomoa.

Nyuma ya yote huja hadibodi au plaiwudi. Zote mbili hutoa hewa yenye asidi, na mbao za fremu hutoa pia, hata mbao nzuri za mvule na mahogani zinazopita Arua kutoka Kongo. Tandaza foili ya alumini, ile ya jikoni, kati ya ubao wa nyuma na kadi, na uipitishe pia kwenye mfereji wa fremu ambamo kadi inakaa. Fremu iliyopakwa vanishi ikae wiki kadhaa mahali penye hewa kabla hujaifunga. Usiifungie karatasi pamoja na harufu.

Ziba ukingo wa nyuma kwa utepe mpana wa karatasi wenye gundi, kuzunguka, ili vumbi lisipite. Anayeishi Koboko hahitaji kuambiwa vumbi la kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, linavyojua njia. Utepe wa kufungia maboksi unaweza kushika zamu hiyo, maadamu uko nje kabisa na unakaguliwa kila mwaka.

Kuhusu fundi wa fremu: mtafute mzuri, umheshimu, lakini usimpelekee asili. Kata karatasi ya kawaida kwa vipimo vile vile, mpelekee hiyo. Mafundi hukata kingo ili kitu kitoshe, huandika jina la mteja kwa kalamu ya wino mgongoni mwa picha, na hupiga misumari kazi ikiwa imelala juu ya kioo. Hakuna ubaya wa moyo hapo, ndiyo kazi ilivyo.

"Fundi, niachie milimita mbili chini ya kioo."

"Mama, sisi tunabana. Ikibanwa ndiyo inashika."

"Usibane, fundi. Tia vibanzi pembeni, na nyuma usipige misumari. Nitafunga mwenyewe nyumbani."

Atashangaa kidogo, atakutengenezea. Kisha nyumbani, mikono imenawiwa na kukaushwa, unaingiza asili mwenyewe na kuifunga kwa vibati vidogo vya kukunja.

Ukuta, mvua, mchwa, moshi

Lipu mpya hutoa maji kwa muda mrefu baada ya kuonekana kavu. Nyumba iliyopigwa lipu mwaka huu ingoje kiangazi kizima kipite kwanza. Kuta za nje, hasa zile zinazopigwa na mvua za Agosti hadi Oktoba, huvuta unyevu hadi ndani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua ukuta wa katikati. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa unapopita kama asilimia 65 na kukaa hapo. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali, lakini pua yako nayo ni kipimo: chumba kinachonuka uvundo asubuhi hakifai karatasi, hata kama kina kochi zuri.

Tundika kwa skrubu mbili zilizotiwa plagi ukutani, si msumari mmoja. Gundisha vipande viwili vya mpira kwenye pembe za chini za nyuma ya fremu, ili pawe na upenyo wa karibu sentimita moja kati yake na ukuta. Upenyo huo hupitisha hewa, na pia hukuwezesha kuona.

Kuona nini? Mchwa. West Nile ni nchi ya mchwa, na mchwa hapendi mwanga wala haendi wazi. Hujenga njia yake ya udongo juu ya ukuta hadi penye mbao na karatasi, kisha anakula kutoka nyuma huku mbele kioo kinang'aa. Fremu iliyobana ukutani inaweza kubaki ganda tupu bila mtu kushtuka. Inua fremu utazame nyuma kila mwezi wakati wa mvua. Kabati, mikeka na marundo ya vitabu visiwe daraja kati ya sakafu na fremu. Ukiona njia ya udongo, ondoa fremu kwanza, halafu ndipo ushughulike na ukuta. Dawa ya kupuliza isielekezwe kwenye fremu kamwe. Mafuta yake hupenya na kuacha madoa.

Wapo pia mende, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hivyo hupenda wanga, ndiyo maana gundi ya unga wa muhogo, tamu kwa kazi nyingine, huviita. Kuhusu kumbikumbi, sina neno baya, ni chakula. Lakini taa ndogo ya kupendezesha iliyowekwa juu ya fremu itawaita wote usiku wa mvua ya kwanza, na joto la taa yenyewe halisaidii. Taa hiyo iache.

Moshi wa mkaa, koroboi, dawa za mbu za kuchoma, na udi na ubani katika nyumba za Wanubi, vyote hutua juu ya karatasi kama utando wa kahawia wenye mafuta. Sisemi muache kufukiza. Fremu iwe chumba kingine, au chetezo kiwe chumba kingine.

Kioo kikichafuka, nyunyizia kitambaa maji, si kioo. Maji yanayotiririka kwenye kioo huishia kwenye mfereji wa chini, na karatasi huyanywa.

Laminesheni

Hapa nataka kusema waziwazi. Laminesheni imeharibu karatasi nyingi za thamani mijini mwetu, na imefanywa na watu waliokuwa wanazipenda. Kila mtaa wenye steshenari una mashine, bei ni ndogo, na matokeo yanang'aa. Kinachotokea ni kwamba plastiki huyeyushwa kwa joto la kiwango cha maji yanayochemka na kuingia ndani ya nyuzi za karatasi. Haitoki tena. Unyevu na asidi vilivyokuwemo vimefungiwa humo. Picha za zamani huweza kuyeyuka uso. Muhuri wa kubonyeza hulainishwa ukapotea. Na hati ya kisheria iliyofunikwa hivyo inaleta maswali, kwa kuwa mkaguzi hawezi kugusa karatasi wala wino. Marekani nayo ilipita njia hiyo: kuanzia miaka ya 1930 hati nyingi za kale zilifunikwa kwa plastiki ya asetati kwa njia ya William Barrow, kisha wahifadhi wakaiacha, na kuzitoa hati hizo kwenye plastiki ikawa kazi ngumu ya maabara.

Unataka kushika hati bila kuichafua? Tumia mfuko angavu ulio wazi upande mmoja. Uwe wa poliesta au polipropilini. Epuka ule laini wa PVC unaonuka kama kiatu kipya na unaong'oa wino wa fotokopi ukikaa nao. Harufu hiyo ndiyo kemikali inayotoka, na inaelekea kwenye hati yako.

Selotepu nayo husaidia kwa mwaka mmoja. Baadaye plastiki hudondoka, gundi hubaki, hugeuka kahawia na kupenya upande wa pili. Hati iliyochanika kwenye mikunjo iache ilivyo. Ilaze wazi kati ya karatasi safi, juu yake vitabu viwili vitatu, kwa wiki kadhaa, kisha itie kwenye mfuko. Vipande viwili vilivyokaa pamoja vina thamani zaidi ya kimoja kilichopigwa gundi.

Noti na stempu

Noti za Amin za 1973 zinatafutwa na wageni na wenyeji, lakini zilichapwa kwa wingi na nyingi zimebaki, kwa hiyo usitegemee utajiri. Vilevile mabunda ya noti zilizokufa Mei 1987, serikali ilipofuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 katika kubadilisha. Mkusanyaji hulipia hali ya noti: ukali wa kingo, kutokuwepo mikunjo. Ndiyo maana kuiosha au kuipiga pasi noti ni kuiua; mng'ao wa asili wa karatasi hupotea, na mwenye jicho huiona mara moja. Iache na uchafu wake. Usiitoboe, usiitie pini wala klipu ya chuma, kwa sababu kutu huanza pale pale.

Stempu iliyo juu ya bahasha ibaki juu ya bahasha. Watu huikata au huiloweka ili waitoe, wakatupa kilicho bora. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichapwa kwa mamilioni. Bahasha iliyopita posta ya Arua, ikiwa na muhuri na tarehe inayosomeka, ni chache. Stempu ambayo haijatumika ina gundi mgongoni, na gundi hiyo hulainika kwa unyevu, kwa hiyo fremu si mahali pake kabisa katika hali ya hewa yetu. Ihifadhi kwenye albamu, albamu isimame wima, isilazwe chini ya mzigo.

Sanduku

Asili zilizobaki chini zirudi kwenye sanduku la bati, lile lile wanafunzi wanalokwenda nalo bweni. Ni kinga nzuri dhidi ya panya na mchwa, na kwa kiasi dhidi ya maji. Liinue juu ya matofali, lisiguse ukuta, lisikae moja kwa moja chini ya mabati ya paa ambako joto la mchana ni kali. Ndani tandika shuka safi ya pamba iliyokauka vizuri. Usitie vidonge vya kuulia nondo juu ya karatasi. Fungua mara moja kwa mwezi siku kavu, ipigwe hewa saa moja, tazama, funga.

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji fundi wala pesa. Picha isiyo na jina, hata ikihifadhiwa vizuri namna gani, baada ya kizazi kimoja ni picha ya watu wasiojulikana. Chukua penseli laini, si kalamu ya wino, na nyuma ya nakala, au kwenye karatasi inayokaa nayo ndani ya mfuko, andika ni nani, wapi, lini, na aliyekuambia ni nani. Waliovuka mpaka wakiwa watu wazima mwaka 1980 sasa wamepita miaka 60. Mfuate mzee wako wiki hii, umpelekee picha mkononi, umuulize.